Nilitamani tezi yangu ndo iwe na kosa

Dada yangu alipopigiwa simu akaambiwa tezi yake ya thairoidi imechoka kabisa, mi nilimwonea wivu. Najua hilo halisemwi, lakini ndo ukweli wenyewe. Yeye analia upande wa pili wa simu, mi huku nawaza kumbe ana jina la ugonjwa, ana namba kwenye karatasi na ana kidonge. TSH yake, yani kile kipimo cha tezi, ilikua 62, na karatasi ya maabara ilisema mwisho ni 4. Yani hata mtu asiyejua kusoma vipimo angeona hapa kuna jambo.

Mi wakati huo nilikua nimeingia mwaka wa pili wa kulala nimechoka na kuamka nimechoka vilevile. Ilianza na homa, ya kawaida tu, wiki mbili kitandani, halafu homa ikaondoka na uchovu ukabaki kama mgeni asiyeaga. Na sio uchovu ule wa mtu aliyefanya kazi, ule nausikitikia siku hizi kama kitu nilichopoteza maana ule ukilala unaisha. Huu wa kwangu nikioga nakaa kitandani na taulo nusu saa kabla ya kuvaa. Nikijilazimisha leo, leo hiyohiyo naweza nikawa sawa kabisa, hata nikajisifu, deni linakuja kesho kutwa: mwili mzima unauma kama nimepigwa, koo linawasha, mwanga unanikera, naanza sentensi nasahau naelekea wapi. Na maumivu yanahama, asubuhi yako kwenye mabega, jioni yameshuka kwenye nyonga, kesho yako kwenye vidole.

Sasa muangalie dada. Alikua anachoka, anaumwa misuli, anasahau, amenenepa bila kula sana, choo kigumu, nywele zinatoka, anavaa sweta wenzie wanajipepea. Ukiandika dalili zake na zangu kwenye karatasi mbili, ukazichanganya, hata mama yetu asingejua ipi ya nani. Tofauti zilikuwepo ila tuliziona baadaye: sauti yake ilikua imekua nzito, uso umevimba asubuhi, na daktari alipomgonga kwenye mshipa wa kisigino kwa kile kinyundo mguu uliruka vizuri lakini ukarudi taratiiibu, kama mtu asiyetaka kuamka. Hiyo ni dalili ya zamani sana ya tezi iliyolegea na inanifurahisha kwamba bado inatumika enzi hizi za mashine.

"Mdogo wangu, na wewe nenda kapime," akaniambia. "Hii kitu lazima iko kwenye familia."

Nikaenda nikiwa na furaha, nakuapia. Magonjwa ya tezi kweli hutembea kwenye familia, na wanawake ndo huyapata zaidi, kwa hiyo hesabu yangu haikua ya kijinga. TSH yangu ikatoka 2.3. Nikaambiwa kila kitu kiko sawa, nenda nyumbani, punguza stresi.

Nilirudia kipimo hicho mara tatu ndani ya mwaka, kwa daktari tofauti tofauti, kila mara nikiomba moyoni kitoke kibaya.

Ngoja nieleze hiki kipimo maana mi mwenyewe nilikilaani muda mrefu bila kukielewa. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, umbo lake kama kipepeo, na kazi yake ni kuokota madini joto kwenye damu na kutengeneza homoni. Lakini TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, na hiyo ndo msimamizi. Msimamizi akiona homoni zimepungua anapaza sauti, yani TSH inapanda, akiona zimezidi ananyamaza. Na msimamizi huyu ni mwepesi wa kukasirika: homoni ikishuka kidogo tu TSH inaruka mara kadhaa, ndo maana madaktari wanaiamini, inagundua tezi inayochoka hata kabla homoni zenyewe hazijatoka nje ya mipaka. Kwa hiyo TSH yangu ya 2.3 ilikua inasema msimamizi wangu ameridhika na kazi ya tezi. Kama mimi nimeridhika au la, hilo haikuulizwa. Nilichelewa sana kuliona hilo. Nilikua nasikia "kipimo kiko sawa" naelewa "huumwi", na nadhani hata baadhi ya walionipima walikua wanaelewa hivyohivyo.

Basi nikaanza kusoma usiku, kwasababu usiku ndo nilikua macho (mchana nimelala kama gunia). Na nikagundua stori ya tezi haiishii shingoni.

Tezi inatoa zaidi T4, au thairoksini, homoni yenye atomi nne za madini joto. T4 ni kama kuni, inakaa kwenye damu muda mrefu, nusu yake huisha kwa takriban siku 7. Moto ni T3, yenye atomi tatu, na T3 nyingi mwilini, kama asilimia 80, haitengenezwi shingoni kabisa, inatengenezwa nje huko, kwenye ini, figo, misuli na ubongo, na vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kung'oa atomi moja kutoka kwenye T4. Sasa hapo ndo pananoga. Ukiing'oa atomi ya upande mmoja unapata T3 yenyewe, inayowasha. Ukiing'oa ya upande mwingine unapata kitu kinaitwa T3 ya kinyume, ambacho kinafanana na T3 lakini hakiwashi chochote. Yani mwili una njia mbili za kutumia kuni ileile, kuiwasha au kuilowesha maji, na unaweza kuchagua!

Hebu fikiria mtu aliyeambiwa miaka miwili yuko sawa anasoma hayo saa tisa usiku. Nilikaa kitako kitandani. Nikasema hii hapa, ndo hii, tezi yangu nzima lakini kuni zinaloweshwa.

Na ushahidi ukajitokeza, maana ukitafuta kitu kwa njaa ile lazima ukione. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi na Hispania walichapisha utafiti uliolinganisha watu 98 wenye ugonjwa wa uchovu sugu na watu 99 wazima. TSH za makundi yote mawili zilikua zinafanana. Lakini T3 ya wagonjwa kwa wastani ilikua chini, na uwiano kati ya T3 ya kinyume na T3 yenyewe ulikua juu kwao. Waliokua na T3 huru (ile isiyoshikwa na protini kwenye damu) iliyoshuka chini ya mpaka kabisa walikua 16 kati ya wale 98, na 7 kati ya wale wazima 99. Nililia, jamani. Nikaomba kipimo cha T3 huru, nikabembeleza, nikalipia, ikatoka 3.0 na mpaka wa chini wa maabara ile ulikua 3.1. Nikapiga picha karatasi nikamtumia dada kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sikutaka kuona upande wa pili wa namba zilezile. Kama 16 kati ya 98 walikua chini, basi 82 hawakua chini, na bado walikua hoi vilevile. Na wazima 7 walikua chini huku wanatembea zao mjini. Halafu utafiti wa aina ile unapima watu siku moja, hauwezi kukuambia kipi kilitangulia, T3 kushuka ndo kukaleta ugonjwa au ugonjwa ndo ukashusha T3.

Na hilo la pili sio la kudhania. Inajulikana miaka mingi kwamba mtu akifunga kula T3 inaanza kushuka ndani ya siku moja mbili, na T3 ya kinyume inapanda, bila tezi kuwa na ubaya wowote. Mtu akifanyiwa upasuaji mkubwa, hivyohivyo. Walioko chumba cha wagonjwa mahututi ndo usiseme, kadri mtu anavyoumwa zaidi ndo T3 inavyozidi kushuka. Mwili unabana matumizi. Kama nyumba ambayo kipato kimekata, unazima taa za vyumba visivyo na mtu. Madaktari walishajaribu kuwarudishia wagonjwa wale mahututi homoni kwa dawa, wakitegemea watapona haraka, na hawakupata faida iliyo wazi. Ukimkuta mtu amezima taa sababu hana hela, kuwasha taa hakumpi hela.

Hilo nililisoma, nikalielewa, nikaliweka pembeni. Nilikua nataka kidonge.

Nikampata daktari mama mmoja mpole aliyekubali tujaribu. Lakini kwanza akapima kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, maana ukimpa homoni ya thairoidi mtu ambaye tezi hizo zimeshindwa unaweza kumtia kwenye hatari kubwa, na watu wanaojinunulia wenyewe dawa hizi hilo hawalijui na linanitisha. Kotisoli ikawa nzuri. Akaniambia, "Dada yangu, nakupa thairoksini maikrogramu 50, miezi mitatu tu, tukiona hamna kitu tunaacha. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana huku natamani kumkumbatia.

Siku ya pili niliamka mzima.

Sitanii. Nilitandika kitanda, nikapiga simu tatu nilizokua nakwepa, nikampigia dada nikamwambia nimepona. Wiki mbili nilikua mtu wa zamani. Na hapa ndo panaponiuma kuandika, maana mi mwenyewe nilikua nimeshasoma kwamba T4 inajaa mwilini polepole, inachukua wiki 5 mpaka 6 kufika kiwango chake kwa dozi unayokunywa, ndo sababu dozi ya dada ilikua inapimwa upya baada ya wiki kadhaa na sio kesho yake. Siku ya pili kidonge kilikua hakijafanya lolote la maana. Aliyenitoa kitandani siku ile alikua ni mimi na matumaini yangu.

Kuna utafiti wa Scotland, ulitoka mwaka 2001 kwenye jarida la BMJ, waliwachukua watu 25 wenye dalili zote za tezi kulegea ila vipimo viko ndani ya mipaka, yani watu kama mimi kabisa, pamoja na wazima 19, wakawapa maikrogramu 100 za thairoksini kwa wiki 12 na kidonge kisicho na dawa kwa wiki nyingine 12, bila yeyote kujua yuko kwenye kipi. Thairoksini haikushinda. Wale wenye dalili walipata nafuu, ndio, lakini waliipata hata kwenye kile kidonge kitupu. Nilipousoma mara ya kwanza nilisema hao walikosea dozi. Niliporudi kuusoma baada ya yaliyonikuta, nilicheka peke yangu. Na naomba mtu asinielewe vibaya, kupata nafuu kwa kidonge kitupu sio kwamba ulikua unajifanya. Maumivu na uchovu vinapita kwenye ubongo, na ubongo ukitegemea mema unalegeza kamba. Shida ni kwamba haukai.

Yaliyonikuta ni haya. Wiki ya sita dawa imejaa kweli, TSH imeshuka mpaka 0.3, moyo unanidunda nikipanda ngazi tano, usingizi umekata, mikono inatetemeka kidogo. Na nilikua na nguvu, ndio, zile nguvu za kukopa. Nikapanga kabati zima. Nikakaa na wageni mpaka usiku. Siku mbili baadaye nikaanguka vibaya kuliko wakati wowote tangu nianze kuumwa, wiki tatu sitoki chumbani, mapazia yamefungwa. Dawa ilikanyaga mafuta kwenye gari ambalo shida yake haikua mafuta. Kile kinachotofautisha ugonjwa huu wa uchovu sugu na uchovu mwingine, yani kuzidiwa baada ya kujitahidi, thairoksini haikukigusa hata kidogo, ilichofanya ni kunizibia masikio nisisikie onyo mapema.

Tukaacha. Daktari hakusema nilikuambia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Hapa katikati niseme kidogo kuhusu maumivu, maana wengine hamna shida ya uchovu kiasi hicho, shida yenu ni fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Tezi iliyolegea kweli inaumiza misuli: inakaza, inashika, kimeng'enya cha misuli kinapanda kwenye damu, na wengine wanapata ganzi ya vidole kwa mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya mwili mzima kupimwa tezi ni haki yake na asikubali kunyimwa. Ila fibromayaljia yenyewe ni shida ya jinsi mfumo wa fahamu unavyopokea na kukuza maumivu. Zamani walikua wanakubonyeza sehemu 18, ukiumia 11 unapewa jina, hiyo ilikua kanuni ya mwaka 1990. Mi nilibonyezwa hivyo na mtu mwenye vidole vya chuma, na mwaka 2010 wakaja na kanuni mpya isiyohitaji kubonyezwa. Nilibonyezwa muda mrefu baada ya hapo, lakini tuachane nalo.

Kuna wazo jingine linazunguka sana, kwamba homoni zako ziko sawa ila seli zimekua sugu, hazizisikii, kwa hiyo unywe T3 nyingi kuzizidi nguvu. Usugu wa homoni ya thairoidi upo, ulielezwa na Samuel Refetoff na wenzake mwaka 1967, ni wa kurithi, na kwa aina ile ya kwanza iliyogunduliwa vipimo vyenyewe vinapiga kelele: homoni ziko juu na TSH haijashuka inavyotakiwa. Hauwezi kuwa na aina hiyo huku kila kitu kimetulia halafu ukapewa dozi kubwa kwa kukisia. T3 ikizidi moyo unapoteza mpangilio wa mapigo na mifupa inaliwa taratibu, na mtu aliyelala kitandani miaka mifupa yake tayari haiko vizuri.

Haya, kituko. Baada ya kuacha dawa nywele zilinitoka nikanunua vidonge vya nywele, vya biotini. Miezi miwili baadaye nikapimwa tena tezi kwa mazoea yangu, karatasi ikasema TSH chini sana, T4 na T3 juu, yani tezi inayofanya kazi kupita kiasi, kinyume kabisa! Nikapewa rufaa, nikaanza kusoma kuhusu ugonjwa huo mpya, nikaanza hata kuhisi dalili zake. Aliyeniokoa ni mtaalamu wa maabara, kijana tu, akaniuliza, "Mama, kuna vitamini unakunywa?" Kumbe vipimo vingi vya homoni maabara vinategemea biotini kwenye utaratibu wake, na ukiwa nayo nyingi kwenye damu vinadanganyika, TSH inasoma chini kuliko ilivyo na homoni zinasoma juu. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama maikrogramu 30, vidonge vyangu vilikua na miligramu 10, zaidi ya mara 300. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Niliacha vidonge siku kadhaa, nikarudia kipimo, 2.1. Tezi ileile, mzima wa afya, imekaa kimya shingoni inasubiri nimalize vituko vyangu.

Ndo huyohuyo kijana aliyeniambia nipime muda uleule kila mara, asubuhi ikiwezekana, maana TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na mi nilikua nalinganisha kipimo cha asubuhi na cha saa tisa alasiri halafu nasema tezi inayumba.

Kilichokuja kunisaidia kilitoka sehemu ambayo sikuiangalia, kwasababu mwaka na nusu nilikua naangalia shingo. Daktari mwingine, wala hakua wa homoni, alinilaza dakika kumi, akapima mapigo ya moyo, akanisimamisha tuli nisiegemee popote. Nikiwa nimelala yalikua 72. Dakika ya nane nimesimama yalikua 113, presha haijashuka, miguu imegeuka rangi ya zambarau, mi naona nyota. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 bila presha kuanguka, na mtu ana dalili za muda mrefu, hilo lina jina lake, POTS, na ni la kawaida kwa watu wenye uchovu sugu. Ripoti ya Institute of Medicine ya Marekani ya mwaka 2015 ililiweka jambo la kushindwa kusimama kwenye vigezo vya ugonjwa wa uchovu sugu, pamoja na usingizi usioburudisha, ukungu wa kichwani na kuzidiwa baada ya kujitahidi, dalili zikiwa zimedumu miezi sita. Kipimo chenyewe hakikuhitaji hata sindano. Miaka mitatu hakuna aliyenisimamisha!

Maji mengi, chumvi zaidi (kwa ruhusa ya daktari, usijaribu kama una presha ya kupanda), soksi za kubana, na dawa ndogo ya kutuliza mapigo. Sikupona. Ila naoga bila kukaa kitandani na taulo, na kwangu hiyo ni nchi nyingine. Walikuta pia akiba ya madini chuma, feritini, iko 9, tukairudisha, nywele zikaacha kutoka bila biotini. Na nikajifunza kujipimia nguvu, kusimama kabla sijachoka. Nashukuru kwamba NICE, taasisi ya miongozo ya tiba Uingereza, mwaka 2021 iliondoa ushauri wa kuwaongezea wagonjwa hawa mazoezi kidogokidogo kwa ratiba isiyobadilika, maana mi hayo mazoezi niliyafanya na najua yalinipeleka wapi.

Na dada? Dada anaendelea vizuri, lakini sio ile hadithi niliyojitungia. Hashimoto, huo ugonjwa wake wa kinga kuila tezi, unaitwa hivyo kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, hauishi, unamezea kidonge maisha yote. Anameza asubuhi na maji matupu, anasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo ale, na vidonge vya chuma au kalisi anavitenga masaa manne. Kabla ya mwaka 1891 mtu kama yeye alikua anafifia mpaka anakufa. Mwaka huo George Murray, daktari wa Newcastle, alimdunga mama mmoja wa miaka 46 utomvu wa tezi ya kondoo, na mama yule akaishi miaka 28 zaidi. Huwa namkumbusha dada hiyo habari akilalamika kuhusu kusubiri kula.

Lakini mwaka jana TSH yake ikiwa 1.8, nzuri kabisa, alinipigia akasema bado kuna siku anachoka kama zamani na daktari kamwambia uko sawa. Sauti ile niliijua. Kati ya asilimia 5 na 10 ya watu wanaotumia thairoksini wanabaki na dalili ingawa TSH imetulia, na kwanini bado kunabishaniwa, wengine wanasema ni vimeng'enya vyao vya kuwasha kuni, wengine wanasema ni kinga yenyewe, wengine wanasema ni kitu kingine kabisa kilichokuja sambamba. Majaribio ya kuwaongezea T3 kidogo juu ya T4 yametoa majibu yasiyolingana, wapo wanaoipenda sana na kwenye hesabu za kundi zima faida haionekani vizuri. Nikamwambia apime feritini, vitamini B12, aulize kama anakoroma usiku na kukatika pumzi, na asimame dakika kumi mtu anamhesabia mapigo.

"Sasa wewe ndo umekua daktari," akasema.

"Mi nimekua mgonjwa mzoefu," nikamjibu.

Alipimwa feritini, ikakutwa chini, kama yangu. Hilo ndo lilikua kwenye familia. Juzi akaniuliza kwa utani kama bado namwonea wivu, nikamwambia kidogo tu, siku za majibu. Akaniambia nimtumie picha ya karatasi yangu ijayo, na nisinywe kitu cha nywele kabla.